Fyuzi Haili Rushwa

Mswahili mwenzangu akisikia naishi kwenye boti hapa London, swali lake huwa moja: "Unajua kuogelea?" Jamani. Huu ni mfereji wa Regent, si mkondo wa Nungwi. Sehemu nyingi ukitumbukia unasimama wima, maji yanakufika kifuani, na kinachokuuma ni baridi na aibu, maana njia ya kando imejaa watu na kila mmoja ana simu mkononi. Maji hayajawahi kunikosesha usingizi. Anayetaka kunionea huruma aniulize habari za nyaya.

Nyaya mbovu huzaa moto, na mfereji wenyewe unaujua moto vizuri. Alfajiri ya tarehe 2 Oktoba 1874, tishari liitwalo Tilbury lilikuwa likikokotwa hapa pamoja na mengine, tumboni mwake mna baruti na mafuta ya petroli. Lilipofika chini ya daraja la Macclesfield, pembezoni mwa Regent's Park, mvuke wa mafuta ukakutana na moto. Wote watatu waliokuwemo wakafa na daraja likasambaratika. Lilipojengwa upya nguzo zake za chuma zikasimamishwa tena zikiwa zimegeuzwa, ndiyo maana mpaka leo zina michubuko ya kamba za kukokotea pande zote mbili. Wenyeji wakalibandika jina la daraja lililolipuka. Jumapili watu wanapita hapo na mbwa wao, wanapiga picha za majani.

Mimi sibebi baruti. Nabeba jiko la gesi, na gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa: ikivuja haitoki dirishani kama mgeni mstaarabu, inashuka ngamani na kukaa. Huko ngamani ndiko yanakoteremka maji, mafuta ya injini, bisibisi ulizoziangusha, na ndiko nyaya zote zinakopita. Mabaharia wetu walisema uende tezi uende omo, marejeo ni ngamani. Nilifundishwa kwamba walikuwa wanazungumzia maisha. Siku nilipofunua mbao za sakafu ya boti hii nikaamini walikuwa wanazungumzia umeme.

Nieleze hali ilivyo. Boti yangu haina maegesho ya kudumu, kwa hiyo sheria ya 1995 inanitaka nisikae mahali pamoja zaidi ya siku 14 mfululizo. Leo niko Hackney, baadaye Islington, kisha Paddington, na hakuna nguzo ya umeme inayonifuata. Huku hakuna Luku. Shirika la umeme ni mimi. Meneja ni mimi, fundi wa zamu ni mimi, na mteja anayelalamika usiku wa manane ni mimi; na nakuhakikishieni, meneja hana adabu kabisa kwa wateja. Mtambo wenyewe ni betri za volti 12 zinazochajiwa na injini na paneli za sola. Injini hairuhusiwi kunguruma baina ya saa mbili usiku na saa mbili asubuhi ukiwa umeegesha, na majirani wanaangalia saa. Kuhusu sola, niacheni. Nimezaliwa kisiwani, nyuzi sita kusini mwa ikweta, jua la bure saa kumi na mbili kila siku, na sikuwahi kumiliki hata paneli ya kuchajia redio. Nimekuja kuzinunua London, ambako mwishoni mwa Desemba mchana haufiki saa nane, na katika hizo jua lenyewe linatokea kwa miadi.

Msidhani nimetoka kwenye neema ya umeme. Waya unaopita chini ya bahari kutoka Bara ulipopata hitilafu, Unguja tulikaa gizani tangu Desemba 2009 hadi Machi 2010. Na Mei na Juni 2008 tulikuwa tumeshakaa hivyo karibu mwezi mzima. Kila baraza likapata mtaalamu wake wa jenereta. Niliona fyuzi zikivikwa karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Niliona msumari umepewa kazi ya fyuzi na watu wakampongeza aliyeuajiri. Nilidhani ujanja ule ni wetu peke yetu, tena nilikuwa nauonea fahari kidogo. Halafu nikanunua boti ya Mwingereza.

Aliyeniuzia alikuwa mtu mpole, mwenye maua kwenye paa na vikombe vinavyofanana. Aliniambia umeme "umefanyiwa marekebisho". Kweli umefanyiwa, na kila mwenye boti tangu ilipoundwa, na hakuna hata mmoja aliyeondoa kazi ya mwenzake. Chini ya sakafu kulikuwa na nyaya nyekundu, nyaya nyeusi, za kahawia, za buluu, na moja ya pinki ambayo sijaelewa mpaka leo ilianzia wapi. Pampu ya maji ilikuwa inaendeshwa na waya wa spika. Taa za omo zilikuwa na waya mgumu wa nyumbani, ule wa uzi mmoja wa shaba, ambao kwenye ukuta wa matofali hauna neno lakini kwenye chombo kinachotetemeka kila injini ikiwaka hukatika kwa ndani kimyakimya. Nyekundu iliyokuwa chanya chumbani ilipofika jikoni ilikuwa hasi, bila kuaga. Viungo vilikuwa vimezungushiwa tepu nyeusi iliyoyeyuka gundi mpaka ukigusa unabaki nayo.

Tukaja kwenye kisanduku cha fyuzi. Hizi za magari, za meno mawili, rangi zake zimepangwa: ampea 10 nyekundu, 15 buluu, 20 njano, 25 nyeupe, 30 kijani. Nikafungua kifuniko, nikakuta kijani na njano tupu, ungedhani mkutano wa kampeni. Taa ya kusomea kitandani, inayovuta chini ya ampea moja, ilikuwa na fyuzi ya 30. Waya wake mwembamba wa milimita 1 ya mraba. Nikampigia yule bwana mpole kumuuliza. Akanijibu kwa upole uleule kwamba zile ndogo zilikuwa zinaungua kila mara, akachoka.

Hapo ndipo ninapogombana na binadamu wote, wa Unguja na wa Uingereza. Fyuzi ni mlinzi wa getini, na aliyemwajiri ni waya. Hakuajiriwa na redio, wala taa, wala friji. Hivyo vina matatizo yao. Kazi yake ni moja tu: umeme unaozidi uwezo wa waya usipite. Waya wa milimita 1 ukipewa fyuzi ya 30, umepewa mlinzi mwenye amri ya kumruhusu kila mtu. Waya utapata joto, plastiki itayeyuka, mbao zitaanza kufuka, na mlinzi yuko getini anaapa hajaona mtu. Halafu mlinzi mwaminifu, yule wa ampea 3 anayekatika akiona jambo si la kawaida, ndiye anayefukuzwa kazi na nafasi yake kupewa msumari! Mtu fyuzi yake imeungua mara tatu, badala ya kumtafuta anayeiunguza, anamtafuta mlinzi anayekula rushwa.

Na mlinzi hukaa getini. Yule bwana aliweka kisanduku chake kizuri karibu na ngazi, mahali pa kufikika, hatua kadhaa kutoka kwenye betri. Basi waya wote wa kutoka betri hadi kisandukuni, tena mnene, hauna mtu. Ukichubuka kwenye ukingo wa chuma, hakuna kitakachoukata isipokuwa moto wenyewe. Viwango vya kimataifa vya vyombo vidogo vinataka fyuzi kuu iwe kama sentimita 20 tu kutoka kwenye betri. Betri za risasi zikipigwa shoti humwaga zaidi ya ampea elfu moja; spana ikiangukia vichwa viwili kwa pamoja inaweza kuganda hapohapo ikawa nyekundu. Za lithiamu ni balaa zaidi, maana hazina hata kigugumizi. Kwa hizo fyuzi ya kawaida inaweza kukatika na cheche ikaendelea kuruka pengo kana kwamba hakuna kilichotokea, kwa hiyo wanaojua huweka ile ya aina ya T, iliyoundwa kuzima hata mkondo wa ampea 20,000. Bei yake sitaitaja, mama yangu anasoma gazeti hili.

Watu husema, "Lakini ni volti 12 tu, haziui." Kweli, ukizigusa kwa kidole kikavu huhisi kitu. Tatizo ni kwamba kazi ileile kwa volti chache inadai ampea nyingi, na ampea ndizo zinazochoma. Hili nililieleza kwa shangazi yangu alipokuja kunitembelea kutoka East Ham. Alikuja na mfuko wa mbatata, maandazi, na birika la umeme.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Plagi iko wapi?"

Nikamkalisha. Nikamwambia: shangazi, birika hili ni la wati 3000. Nyumbani kwako, kwenye volti 230, linavuta ampea 13, ndiyo maana plagi hizi za meno matatu tunazozitumia mpaka Unguja na Nairobi zina fyuzi ya 13 tumboni. Hapa kwangu, kwenye volti 12, maji yaleyale ya chai yanataka ampea 250, na hapo hujahesabu kinachopotea kwenye inveta, kifaa kinachogeuza volti 12 kuwa 230. Mia mbili na hamsini! Waya wa kuzipitisha una unene wa kidole.

Akanisikiliza kwa makini mpaka mwisho. Kisha akasema, "Sasa umeme gani huo usiochemsha maji?"

"Wa taa, shangazi. Na wa kuchajia simu."

"Hata kwetu ukirudi unachemsha."

Nilipokwenda omo kukaza kamba, akachomeka. Inveta yangu ni ya wati 1000. Ikapiga ukelele mmoja, ikazima, na pamoja nayo ikazima redio na taa ya chooni. Niliporudi nikamkuta ameshika birika kifuani, ananiangalia kana kwamba nimemtukana mbele ya wakwe. Chai tukaichemsha kwa gesi. Akainywa, akasema ina harufu ya dizeli.

Friji ndiyo iliyonipa elimu ya juu. Kwa muda mrefu kila nikinunua maziwa yalikuwa mtindi kabla sijaamua kuyafanya mtindi. Friji ikaguliwe, haina ubaya. Betri zipimwe, hazina ubaya. Ubaya ulikuwa njiani. Friji inavuta kama ampea 5 na iko mita 10 kutoka kwenye betri. Umeme unakwenda na kurudi, kwa hiyo ni mita 20 za shaba, na hapa ndipo wengi wanapokosea hesabu. Kwa waya wa milimita 1.5 za mraba, zaidi ya volti 1 inabaki njiani ikipasha sakafu joto bila faida. Kwenye nyumba ya volti 230 nani angejua? Kwenye 12 ni karibu asilimia 10 ya mali yote. Betri ya risasi iliyobaki nusu ina volti 12.2 hivi, ikifika jikoni imekuwa 11, na kompresa ikitaka kuanza inavuta zaidi, volti zinashuka tena, friji inajizima kujilinda. Inangoja. Inajaribu tena. Inajizima. Usiku kucha inakohoa hivyo, na mimi nakula mtindi. Waya wa milimita 6 ulipoingia, kinachopotea hakifiki theluthi ya volti, na maziwa yakarudi kuwa maziwa.

Wala si msiba mpya hapa mjini. Mwaka 1882 watu wa Edison walifungua kituo cha umeme Holborn Viaduct, mkondo mnyoofu, volti 110, makaa ya mawe. Taa zikawaka mtaa ule na majengo ya jirani, lakini kwenda mbali haukuweza, kwa sababu ileile ya friji yangu: volti chache, ampea nyingi, shaba inakula njiani. Kijana mmoja, Sebastian de Ferranti, akaona dawa ni kupandisha volti. Mwishoni mwa muongo ule akajenga kituo Deptford, mkondo geu, volti 10,000, akaupeleka umeme katikati ya London kutoka huko ukingoni mwa mto. Dunia ikamfuata Ferranti. Mimi, zaidi ya miaka 130 baadaye, nimeshuka chini ya Edison, na nalipia leseni.

Sasa washauri. Nahodha wengi chombo huenda mrama, na njia ya kando ya mfereji haina kitu ila manahodha. Ukilala chali na tochi mdomoni, miguu imetokeza nje, hapiti mtu bila kusimama. Mmoja atakwambia viungo vichomelewe kwa risasi. Mwingine, mwenye ndevu, atasema risasi hukaza nyuzi na mtetemo huzikata pale ukakamavu unapokoma. Bana kwa koleo maalumu, lile lisilofunguka mpaka limalize kubana. Huyu wa ndevu ana haki, lakini alichukua saa nzima kuisema na chai yangu akanywa. Wa tatu ndiye wa kuogopwa. Yeye alisema natupa pesa kwa kuvuta nyaya mbili: boti ni ya chuma, umeme urudi kwa chuma chenyewe kama kwenye gari. Bwana wee. Gari likiliwa na kutu unapanda basi. Boti ikiruhusiwa umeme utangetange kwenye bamba lake majini, chuma kinaliwa polepole upande usiouona, na siku ya kuuona una soksi zilizolowa. Kila kifaa kiwe na waya wa kwendea na waya wa kurudia. Nikamshukuru, nikamwombea safari njema.

Nikampigia mjomba wangu pale Malindi ya Unguja, ambaye amekesha na injini za mashua umri wake wote. Nilimwonyesha kwa simu kisanduku kipya, kila waya na fyuzi yake, swichi kuu nyekundu ya kukata kila kitu, vichwa vya betri vimefunikwa. Akatazama. Akatazama tena.

"Fyuzi ngapi hizo?"

"Kumi na mbili, mjomba."

"Dau la babu yako halikuwa na hata moja."

"Halikuwa na waya, mjomba."

"Ndiyo nikakwambia," akasema, na akakata simu.

Kitu kimoja tu ndicho nilichokiachia kisipite kwenye swichi kuu: pampu ya ngamani. Inakwenda moja kwa moja kwenye betri, na fyuzi yake mwenyewe palepale, na kiboya kinachoiwasha maji yakipanda. Ukiondoka ukazima kila kitu, yenyewe inabaki macho. Watu wanaozima hiyo pampu kwa kubana matumizi nimewaona, na boti zao nimeziona, paa tu.

Mkaguzi wa usalama huja mara moja kila miaka minne, na bila cheti chake hupati leseni. Aliyenijia aliinama, akavuta betri kuona kama zimefungwa zisihame, akatazama matundu ya kutolea hewa, akagusa swichi kuu, akamulika nyaya kama anayetafuta hereni. Mimi niliyekulia nilikokulia nilimwandalia chai. Akainywa, ilikuwa chai kwelikweli, na haikubadilisha neno hata moja kwenye fomu yake. Nilipita, lakini msidanganyike: cheti kinasema boti haitamdhuru jirani yako. Hakisemi friji itagandisha wala taa ya chooni itawaka. Hayo ni kati yako na ngama yako.

Kisanduku sasa kina lebo, kwa Kiswahili, herufi kubwa: FRIJI, CHOO, TAA ZA TEZI, PAMPU YA MAJI. Atakayenunua boti hii baada yangu atafute mwalimu. Fyuzi za akiba zimo kwenye kopo la kahawa, za 3, za 5, za 10 na za 15. Za 30 nimezitia kwenye mfuko mwingine, zimefungwa, maana namjua binadamu.

Basi ndugu zangu mnaopanga kuja kutembea wakati wa kiangazi, karibuni sana. Simu zije zimeshachajiwa. Pasi, birika na mashine za kukaushia nywele ziacheni nyumbani kwenu. Chai ipo, ya gesi, na harufu ya dizeli mtaizoea.